Kila Ijumaa, Kila Kitu

Mombasa, Ijumaa, 10 Januari 2025

Mwanangu Marwa,

Nyumba hii inakusalimu wewe na wazazi wako, mmoja mmoja, kwa majina. Rukia wangu amepona kikohozi ila hajapona kulalamika. Bushra na mumewe Sadiq wamehamia Kisauni, na mjukuu wangu ameanza kutembea kwa kushika kuta, kama wabunge wetu. Goti langu bado la upinzani. Halipandi ngazi bila mjadala. Mwambie baba yako, kaka Abdalla, papa wake mkavu alifika, nami nikamla kwa siku mbili na mlango nimeufunga.

Sasa la maana. Mashine imefika. Sadiq ameiweka chumbani mwangu, mahali palipokuwa magazeti ya zamani, na Rukia amefurahi kuliko siku ya harusi yake kuyaona yakitoka. Kwa hiyo sasa tuna seva mbili, moja Kismayo na moja Mombasa, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Hifadhidata mliyoijenga wewe na baba yako, yenye sauti za wazee wa visiwani, picha za magofu yao, visima vyao na makaburi yao, haiwezi kukaa katika chumba kimoja nyuma ya duka la kutengeneza simu. Chumba kimoja huungua. Chumba kimoja huvunjwa na mtu ambaye kesho yake anakuja kukupa pole. Nimegombana na wahariri kwa miaka zaidi ya ishirini, na jambo moja nimelijua: anayeitaka ardhi yako haanzi na ardhi. Anaanza kwa kuuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama kweli mliwahi kuwapo. Ulaya wamewakalisha watoto wetu walioomba hifadhi mbele ya simu, mtu wasiyemjua akawasikiliza dakika chache, akaamua kama Kibajuni chao ni Kibajuni. Sitaki tuulizwe hivyo na watu wa nyumbani.

Na tutaulizwa. Kamati ya ardhi itasikiliza shauri letu mwezi wa saba. Yule mwenye kiwanda cha barafu amenunua uwanja wa jirani zetu pale kisiwani Koyama, na sasa anadai kuwa kisima chetu kimo ndani ya alichonunua. Ana hati mpya, wino haujakauka. Sisi tuna sauti ya Abdalla, aliyezaliwa katika nyumba yetu ya Koyama na kukaa humo hadi paa lilipoanguka, akiitaja ukuta kwa ukuta. Hatuna kingine.

Basi agizo langu ni hili: kila Ijumaa baada ya sala utanakili seva yako nzima kuja kwenye yangu. Nzima. Usiniletee vipande, usiniletee vipya tu. Kila Ijumaa, kila kitu.

Ami yako,
Idris


Kismayo, Alhamisi, 30 Januari 2025

Ami Idris,

Alaikum salaam. Mama anawasalimu, anasema Rukia alalamike tu, kulalamika ni dalili ya nguvu. Baba hajambo kidogo. Kifua kinambana asubuhi, mchana anakisahau, jioni anakikumbuka. Duka linakwenda. Watu wanaangusha simu zao majini kila siku na Mungu anatulisha.

Nakala ya kwanza imefika huko, lakini usidhani ilikwenda kama barua. Mtandao ulikatika ikiwa katikati, nikaanza upya. Ukakatika tena, nikaanza upya. Mara nyingine mtandao ulikuwapo, umeme haukuwapo. Baba alikaa kando yangu kwenye kiti cha wateja akiniambia, mwanangu, hata mbuzi husafirishwa kwa safari moja, wewe unamrudisha bandarini kila akifika nusu njia. Lakini imefika. Hata barua hii nimeiweka ndani ya seva, katika folda niliyoipa jina lako. Itakuja na mengine yote. Wewe endelea kunijibu kwa barua pepe.

Nina pendekezo. Kila nakala tuiweke peke yake huko Mombasa, na ile ya wiki iliyopita tusiiguse. Sadiq atajua namna. Itakula nafasi, ndiyo, lakini nikikosea hapa tutakuwa na mahali pa kurudi.

Na jambo jingine. Nimeisikiliza tena rekodi ya baba. Kabla ya kutaja kila jina anakohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Anautaja mlango wa kusini, ngazi, kisima, jiwe la kufulia. Ni nzuri. Lakini ni sauti moja. Anauliza kwa nini wewe hujarekodi. Wewe pia ulizaliwa Koyama, ami. Ulitoka huko una miaka kumi na minane, hukutoka mgongoni mwa mtu. Wazee wa Burgao wamekuja, wa Darakasi wamekuja, mmoja alibebwa. Wewe lini?

Mwanao,
Marwa


Mombasa, Jumapili, 9 Februari 2025

Mwanangu Marwa,

Nakupa hongera na Rukia anakupa hongera, yake ina dua ndani, yangu ina hoja. Nakala nimeipokea. Mashine inanguruma kama paka aliyeshiba na mimi nalala vizuri.

Pendekezo lako nimelikataa, na usikasirike kabla ya kusoma sababu. Unataka niwe na nakala ya wiki hii, ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita, kila moja na yake. Siku wakili wa yule mtu wa barafu akizikuta, atasimama mbele ya kamati na kuuliza: ipi ya kweli? Hapa mzee kataja visima viwili, pale kataja kimoja, hapa jina limeandikwa hivi, pale vile. Nakala mbili zisizofanana ni mashahidi wawili wanaogombana, na mashahidi wakigombana anayeshinda ni mwizi. Nimewaona wakifanya hivyo kwa vitabu vizima. Sisi tutakuwa na neno moja katika nyumba mbili. Sadiq naye aliniuliza swali lako hilohilo, nikamwambia aipange mashine yangu iwe kioo cha yako. Ukiongeza, nami nimeongeza. Ukisahihisha, nami nimesahihisha. Kioo hakibishani na uso.

Kuhusu kuja, nimekwisha kukuambia habari za goti. Tena nina makala matatu ya kumaliza, na moja ni la kuwajibu wale mabwana wanaoandika kwamba visiwa vyetu ni vitupu. Kila mtu na zana yake. Abdalla ana kumbukumbu, mimi nina kalamu. Mwambie apunguze sigara.

Ami yako,
Idris


Kismayo, Ijumaa, 14 Machi 2025

Ami,

Ramadhani njema kwenu. Futari yetu mwaka huu ni ya watu wawili, ingawa majirani hawatuachi. Bi Mulki wa mlango wa pili huleta mkate wa mofa kila siku na kujifanya kwamba ameoka mwingi kwa bahati mbaya.

Simu yako siku ya maziko niliipokea mimi, na ahsante kwa hitima mliyosoma huko. Baba hakuteseka. Aliamka tarehe kumi na nane Februari, akauliza kama nimeweka mafuta kwenye jenereta, akalala tena. Watu walijaa hadi barabarani. Waliuliza ndugu yake yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Sikujua niseme nini kingine.

Mama yuko edani. Unaijua desturi ya nyumba yetu: mjane akikaa eda, nguo za marehemu, kandambili zake na bakora yake havilali tena ndani. Hupelekwa kwa jirani, vikarudi siku eda inapokwisha. Tumevipeleka kwa Bi Mulki. Lakini chumba cha seva kinapakana na chumba cha mama, ami, na ukuta ule ni mwembamba. Wanaume wa kamati yetu wenyewe, si ile ya ardhi, huja kuisikiliza rekodi ya baba ili wajitayarishe kwa shauri. Siku ya tisa mama aliniita akaniambia: "Nguo zake mmezitoa, sauti yake mmeniachia. Nayo ipelekeni kwa jirani."

Nikatafakari jirani wa sauti ni nani, nikaona ni Mombasa. Kuizima tu kusingetosha. Kitu cha marehemu kikiwa ndani kiko ndani. Kwa hiyo nimeitoa kwenye mashine ya hapa. Kwako ipo, na eda ikiisha utanirudishia. Wanaume nimewaambia wasubiri.

Nakala zinakwenda kila Ijumaa kama ulivyotaka. Nazifanya hata nikiwa na funga.

Mwanao,
Marwa


Mombasa, Jumapili, 23 Machi 2025

Mwanangu,

Sina salamu ndefu leo. Nyumba iko salama. Rukia amenishonea kanzu mpya na sina hamu ya kuivaa.

Ulifanya vizuri kumheshimu mama yako. Maimuna aliolewa katika nyumba yetu nikiwa mtoto wa kutumwa dukani, na hakuna aliyewahi kumsikia akiomba jambo mara mbili. Amana ya sauti nimeipokea. Iko kwangu. Sijaifungua, na sababu zangu ninazijua mwenyewe.

Nimeandika kuhusu Abdalla, ukurasa mzima. Mhariri ameupunguza. Nimempigia simu nikamwambia maneno ambayo mwezi huu hayafai kuandikwa, na jioni nikafuturu kwa aibu.

Usiache Ijumaa hata moja.

Idris


Mombasa, Ijumaa, 16 Mei 2025

Mwanangu Marwa,

Salamu kutoka katika joto. Mjukuu sasa anatembea bila kuta na ameivunja miwani yangu, kwa hiyo ukiona makosa humu mlaumu yeye. Bushra anakusalimu sana.

Nakala zinafika, nakupa haki yako. Barua ndizo hazifiki. Tangu Machi sijasoma hata mstari wako. Una kazi, una mama, una duka, nimeelewa. Lakini leo nilitaka kunukuu katika makala yale maneno ya Abdalla kuhusu mbuzi anayerudishwa bandarini. Yamo katika barua yako ya Januari. Nimefungua folda yenye jina langu na barua ya Januari haimo. Ya Machi imo. Nimemwita Sadiq akatafuta kote, haipo. Nikajiambia labda mjukuu. Lakini mjukuu anavunja, hafuti.

Je, wewe uliifuta huko kwako? Niandikie tu ndiyo au hapana.

Ami yako,
Idris


Mombasa, Ijumaa, 6 Juni 2025

Marwa,

Idi njema kwako na kwa mama yako. Hapa tumechinja, tumekula, tumegombana, yaani kila kitu kimekwenda kama kawaida.

Nakala ya Ijumaa iliyopita haikuja. Ya Ijumaa kabla yake haikuja. Simu yako inalia haishikwi. Bi Mulki nimempata, amesema uko mzima na duka liko wazi. Basi aliye mzima anayekaa kimya ana neno.

Shauri ni mwezi ujao. Jana niliamua kuikabili rekodi ya kaka yangu ili niandike maelezo ya kamati. Nilikuwa nimejitayarisha kwa wiki nzima. Nilinawa uso kwanza. Nikafungua mahali pake nikakuta jina lake, mwaka wake wa kuzaliwa, kisiwa chake, na chini yake hakuna kitu.

Niandikie.

Idris


Kismayo, Alhamisi, 12 Juni 2025

Ami,

Mama hajambo, anawaombea. Upepo wa kusi umeanza kwa nguvu. Bi Mulki amenisema sana kuhusu simu yako, na alikuwa na haki.

Ndiyo. Barua ya Januari niliifuta mimi mwezi wa nne, nilipokuwa napunguza uzito wa folda. Uliponiandikia kwamba haionekani kwako, nilikuwa na simu ya mteja mkononi, imefunguliwa, na nikaisahau hapo mezani mpaka mwenyewe akaja. Nilielewa hapohapo. Kama barua iliyofutwa hapa ilifutika kwako, basi na sauti ya baba ilifutika. Niliitoa hapa siku ya tisa ya eda, na Ijumaa iliyofuata nikakuletea nakala ya seva yangu nzima, pamoja na pengo lake. Kioo kikafanya kazi yake. Kisha nikairudia Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata. Mashine yako imeandikwa juu ya yale ya zamani mara nyingi mno. Nimemuuliza Sadiq kwa siri. Amejaribu kila analolijua na hakupata kitu. Usimlaumu, nilimwapisha asikuambie kabla yangu.

Kadi ya kinasa sauti? Niliitumia tena kwa wazee wa Burgao. Kwa nini nisingeitumia? Rekodi ilikuwa kwenye seva mbili.

Nakala nimezisimamisha kwa sababu mkono unaogopa, na hata barua hii naituma kwa barua pepe. Kila nikitaka kubonyeza najiuliza ni nini kingine nitakachokifuta katika nyumba mbili kwa mara moja.

Mama hajui. Anaihesabu eda yake kwa utulivu na anadhani sauti iko kwa jirani.

Marwa


Mombasa, Jumapili, 15 Juni 2025

Marwa,

Salamu zitangoja.

Mlikuwa na shahidi mmoja. Mmoja. Ukamtoa nyumbani kwa mkono wako bila kuniuliza kama mlango wa pili uko wazi. Miaka yote hii nimepiga kelele kwamba watatufuta, nikawataja kwa majina, nikashtakiwa, na sasa wale mabwana wanaweza kukaa kivulini wakanywa soda, kwa sababu sisi wenyewe tunajifuta vizuri zaidi yao, tena kila Ijumaa baada ya sala.

Usiniambie kuhusu pendekezo lako la Januari. Nalikumbuka. Nimelisoma kichwani tangu jana, kwa sababu kwenye mashine halimo.

Nitaiandikia kamati iahirishe shauri. Nitawapelekea makala yangu yote yaliyowahi kuitaja nyumba ile. Watasoma. Kuhusu kuja huko usinigusie, goti langu halijabadilika.

Idris


Kismayo, Ijumaa, 20 Juni 2025

Ami yangu Idris,

Mimi salamu zangu hazingoji. Assalaam alaikum, wewe na Rukia na Bushra na Sadiq na mvunja miwani.

Umesema, na nimesoma hadi mwisho. Sasa nisome mimi. Kosa la kuitoa ni langu na nitalibeba mpaka kwa mama. Kosa la kutokuwa na mahali pa kurudi ni la kioo, na kioo ulikiagiza wewe. Tumegawana. Sitaki kulizungumza tena, kwa sababu kamati haitatuuliza nani mwenye kosa. Itatuuliza ukuta uko wapi.

Makala yako nimeyapeleka kwa katibu wa kamati, usidhani nimekaa. Ameyapenda. Amesema ndugu huyu anaandika kwa moto. Kisha akaniuliza kama mwandishi amewahi kulala katika nyumba ile. Nikasema amezaliwa humo. Akasema basi hatuhitaji karatasi zake, tunamhitaji yeye, aje asimame pale atuonyeshe kwa kidole. Na hawaahirishi. Ni tarehe tisa Julai, wanakwenda Koyama wenyewe.

Bibi Bimdogo, mama yako, amezikwa huko Mombasa. Baba amezikwa hapa. Kati ya waliokulia katika nyumba ile amebaki mmoja, na ana goti. Nimekusikia kwenye redio mwezi wa tano ukizungumzia maandamano. Ulikuwa umetembea nayo kutoka Makadara hadi Buxton. Goti liliruhusu.

Sababu si goti. Sijui ni nini na sikulazimishi kusema. Eda ya mama inakwisha mwisho wa mwezi. Nguo zitarudi, bakora itarudi, na ataniuliza sauti iko wapi. Nitamwambia mimi, peke yangu. Wewe njoo ufanye la kwako.

Mwanao,
Marwa


Mombasa, Ijumaa, 27 Juni 2025

Mwanangu Marwa,

Nakusalimu, na Rukia anakusalimu kwa nguvu zaidi. Nilimsomea barua yako akacheka mpaka akakaa chini, hasa pale pa Makadara.

Umeuliza bila kuuliza, nami nitajibu mara moja tu. Kila nilichowahi kuandika kuhusu Koyama nilikitoa kwa Abdalla. Nilimpigia simu, akasema, nikaandika. Mlango wa kusini ni wake. Jiwe la kufulia ni lake. Miaka imepita nikawa sijui tena kipi nilikiona kwa macho na kipi nilikinakili. Nikisimama pale mbele ya watu nikaulizwa ukuta uko wapi, na kichwani mwangu kuna makala tu? Mtu wa barafu hatahitaji wakili. Hiyo ndiyo sababu, na goti limeibeba kwa uaminifu.

Tiketi nimekata. Mwambie Maimuna naja, lakini la sauti mwambie wewe kama ulivyosema.

Ami yako,
Idris


Koyama, Alhamisi, 10 Julai 2025

Mwanangu Marwa,

Hapa hakuna mtandao, kwa hiyo barua hii naituma kwa mkono wa Ishaq, yule nahodha wa boti ya injini aliyetuleta. Anakuja Kismayo kuchukua mafuta. Kadi ya kinasa sauti nimempa pia, ameifunga ndani ya kofia. Ni mtu wa maneno. Njiani mawimbi yalipotupiga aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema naandika. Akasema basi andika bahari itulie. Nikaifunga kalamu, nikashika ukingo wa boti.

Jana wajumbe wa kamati walikuja, na mwenye barafu alikuja na watu wake, wamevaa viatu vya mjini. Nyumba imekuwa kifusi na miti imeota ndani. Nilisimama na nikaona nilichokiogopa: nilikuwa natafuta mlango wa kusini wa makala yangu, na mlango haukuwapo. Nikataja jiwe la kufulia, hawakuliona. Mwenye barafu akasema kwa adabu nyingi, mzee amechoka, msimtese. Akauonyesha ukuta mmoja uliosalia, kati ya kisima na uwanja wa jirani zetu kina Omar alioununua, akasema huu ulikuwa wa kibanda tu, umejengwa ndani ya uwanja wake, na kisima kiko upande wake.

Mjumbe mmoja akaniuliza, unasemaje kuhusu ukuta huu? Nikaangalia ukuta na sikukumbuka neno hata moja la Abdalla. Nilikumbuka tumbo. Mama yangu Bimdogo na mke wa Omar walikuwa na tundu chini ya ukuta, la kupitishia vyakula, wasizunguke njiani na vyungu wakati wanaume wamekaa nje. Lilikuwa dogo. Mimi nilikuwa mtoto mwembamba, nikipita humo kwenda kula kwa kina Omar kisha narudi kula kwetu. Abdalla hakupata kulijua kwa namna hiyo, alikuwa mkubwa tayari, mabega yake hayakuingia. Hakuwahi kunisimulia. Sijawahi kuliandika.

Nikasema: "Chimbeni hapa chini. Kama ni kibanda, hakuna kitu. Kama ni ukuta wa nyumba mbili, kuna tundu, na kingo zake zimelainishwa kwa chokaa pande zote mbili, kwa sababu mama yangu hakutaka nichubuke."

Wakachimba. Mchanga, mizizi, kisha jiwe lililolazwa kama kizingiti. Chokaa ipo, pande zote mbili. Mwenye barafu aliinama akatazama kwa muda mrefu, na nampa haki yake, hakusema uongo mwingine. Wajumbe wamepiga picha. Wameandika kwamba ukuta ni mpaka na kisima kiko upande wetu. Uamuzi wenyewe utatoka baadaye, lakini mwenye barafu ameamriwa asijenge chochote mpaka utoke.

Nilirekodi hapohapo, nimekaa chini kando ya tundu. Nimekohoa mara moja. Si kwa kumwiga, ni mchanga.

Na sasa agizo jipya, soma vizuri. Kila nakala iwe peke yake. Ya wiki iliyopita isiguswe. Zikipishana, zipishane. Wakili atakayeuliza ipi ya kweli, mlete kwangu.

Mimi nabaki hapa kidogo. Kuna mengine ambayo hayakutoka kwa mtu.

Idris


Kismayo, Ijumaa, 25 Julai 2025

Ami Idris,

Ishaq anarudi kwako na unga, majani ya chai, betri na barua hii. Rukia amepiga simu. Anasema ukitaka kuhamia Koyama umjulishe, yeye kifusi hakipangi peke yake.

Mama nilimwambia siku eda ilipokwisha, nguo za baba zikiwa bado mapajani mwake. Alinitazama, akazikunja moja moja, akazipanga, akabaki chumbani siku tatu. Siku ya nne aliniletea chai hukuhuku kwenye seva akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakusema amenisamehe. Alikunywa chai yake.

Jana aliniambia nimwekee rekodi yako. Aliisikiliza yote, na uliposema kuhusu mabega ya baba alijifunika uso kwa mtandio. Nikamuuliza tuiweke wapi. Nilikuwa nimeshafungua mahali pa baba, pale penye jina lake na kisiwa chake na chini yake patupu, nikidhani atafurahi pakijazwa na sauti ya ndugu yake.

Akasema: "Huyo ni Idris. Mpeni pake. Pale pa Abdalla msimweke mchu."

Alisema mchu, hakusema mtu; Kibajuni chake bado kipo. Basi una mahali pako, ami, una jina lako na mwaka wako, chini kidogo ya baba. Leo baada ya sala nimenakili seva nzima, peke yake, kando ya ile ya wiki iliyopita. Mtandao ulikatika katikati, nikaanza upya. Imefika yote: wazee wa Burgao, wa Darakasi, wewe na mchanga wako, na ile nafasi tupu ya baba. Ijumaa ijayo nitaileta tena.

Mwanao,
Marwa